Nilivyolala Kaburini kwa Ajili ya Ndege wa Dada

Tangu nirudi, watu hawaji dukani kwangu kununua. Wanaingia, wanaegemea kaunta, wanashikashika mnyororo wa pikipiki ambao hawauhitaji, kisha wanauliza: "Eti Twaha, ni kweli ulilala kaburini?" Wengine hawaulizi hata hilo. Wananiita Mkwere moja kwa moja, halafu wanatoka nje wakicheka. Mimi, mtoto wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ambaye ukoo wetu haujapata kushika jembe la kulima wala la kuchimbia! Basi nimeandika yote hapa, kila mtu asome atulie, na duka lirudi kuwa duka.

Kwanza mjue kwamba safari haikuwa yangu. Ilikuwa ya dada yangu Rukia, mwalimu mstaafu, ambaye nusu yenu mnaonicheka aliwachapa bakora. Dada anapenda ndege wa porini. Kila mtu ana ugonjwa wake. Tabu ni kwamba jicho lake la kulia lilishakufa kwa presha ya macho, na la kushoto anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari alimwambia waziwazi kuwa hilo nalo linakwenda. Atampasua, lakini haahidi kitu.

Dada hakulia. Alirudi nyumbani, akafunua ile picha kubwa ya ndege wa milimani aliyokuwa akiitundika darasani miaka yote, akaweka kidole juu ya ndege mmoja mwenye kichwa cha kijani na kifua cha manjano. Jua la dirishani lilikuwa limekwisha kuifuta ile picha, kijani kimekuwa kijivu.

"Huyu nimewafundisha watoto wa watu maisha yangu yote," akasema. "Na kila mwaka hakosi mtoto wa kuuliza, mwalimu, wewe umemwona? Sijamwona, Twaha. Nataka nimwone kabla sijapasuliwa. Utanipeleka milima ya Nguru."

Nikamwambia, Dada, si picha ipo? Akaniangalia kwa lile jicho moja. Nikaenda kufunga duka.

Bagamoyo hadi Vigwaza, juu ya pweza

Tulipata lifti ya Chande wa Mlingotini, aliyekuwa akipeleka pweza wakavu Morogoro kwa kirikuu chake. Dada alikaa mbele na buibui lake, raba za michezo miguuni, darubini shingoni. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia ya pweza, nimeshika mwavuli. Kama hujawahi kukaa juu ya pweza mkavu jua linawaka, shukuru Mungu. Harufu ile iliingia kwenye nguo, ikaingia kwenye nywele, na mke wangu anasema bado ipo.

Dada alikuwa amefunga mkate wa kumimina, sambusa na chupa ya chai ya tangawizi, akaviweka mbele pamoja naye. Kila nikigonga kioo kuomba sambusa, alinipa moja kupitia dirishani kwa mkono wa nyuma, bila kugeuka, maana alikuwa akitazama nyaya za umeme. Kwenye nyaya, anasema, hukaa ndege wa maana sana. Mimi niliona kunguru.

Tulipita Mlandizi salama. Pale Vigwaza tairi la nyuma likapasuka. Chande akashuka, akalitazama, akasema spea ipo.

"Ipo wapi?" nikauliza.

"Kwa shemeji."

Basi tukasubiri fundi pancha. Akaja jitu la miraba minne, limevaa fulana ya kijani iliyotoboka kwapani, jina lake Kibwana. Alifungua tairi taratibu huku akituhoji kama polisi. Mnatoka wapi? Bagamoyo. Mnakwenda wapi? Nguru. Kufanya nini?

"Kuangalia ndege," Dada akajibu.

"Kuwala?"

"Kuwaangalia."

"Halafu ndiyo mnawala."

"Hatuwali, baba. Tunawaangalia, tunarudi."

Kibwana akaweka spana chini. Akawaita wenzake wote waje wasikie. Watu wakakusanyika, wakamwangalia Dada, wakaniangalia mimi juu ya pweza, na mmoja akauliza kwa huruma kabisa kama sisi ni wazima. Lakini Kibwana aliposikia kijiji tunachokwenda ni Kwembago, uso ukamchanua.

"Kwembago! Kwa watani zangu, Wanguu wachafu wale! Sisi Wakwere ndio tunaowazika, bila sisi wangeoza vitandani. Mkifika, mwulizeni Mzee Mhando. Mwambieni hivi: Kibwana wa Vigwaza amechoka kumsubiri afe. Sufuria ya ubwabwa wa matanga nilishaiosha, sasa inaota kutu."

Dada alicheka mpaka akavua miwani akajifuta. Wakati ule sikujua kichwa chake kinapika nini.

Chalinze na kwenda mbele

Chalinze Chande alisema tunasimama dakika tano ale. Akaingia kwenye nyama choma, akapotea. Mimi nikabaki juu ya magunia yangu kati ya malori na mabasi. Mama mmoja akaja, akanusa, akaminya gunia.

"Huyu pweza unauzaje?"

Nikamwambia si wangu. Akadhani napandisha bei. Akaenda kuwaita wenzake. Basi la Arusha likasimama pembeni, watu wakatoa vichwa madirishani, huyu anataka mkubwa, yule anataka wa kukatwa. Nilipomwita Dada anisaidie, mwalimu mzima akashusha kioo, akaanza kupanga foleni: "Mmoja mmoja! Wewe mwenye kofia, rudi nyuma!" Chande alipotoka huku akichokonoa meno, gunia moja lilikuwa limeisha na mimi nimeshika kisu. Alifurahi sana, akasema nirudi naye kila wiki. Nimewaambia habari hizi za pweza kwa sababu zitarudi kunitafuna huko mbele.

Morogoro tulilala, tukaachana na pweza, asubuhi tukapanda basi la Turiani. Njia nzima ni miwa. Dada aliona ndege saba wa aina yake, au nane, sikumbuki, nilikuwa nimelala na mdomo wazi. Kila alipoona mmoja alinipiga kiwiko. Ubavu wangu ulivimba.

Turiani tukachukua bodaboda mbili kupanda mlimani, na lami ilipokwisha ikaanza barabara ya vumbi, na vumbi lilipokwisha ukaanza udongo mwekundu ambao mvua ilikuwa imeugeuza sabuni. Pikipiki zikagoma. Waendeshaji wakatutua na mizigo, wakatuonyesha mlima kwa kidevu, wakashuka zao wameinua miguu.

Tukapanda kwa miguu. Dada mbele na fimbo, mimi nyuma na mabegi yote. Kwa jicho lake lile haoni pembeni, kwa hiyo alikuwa anajikwaa kwenye kila mzizi, na kila akijikwaa ananigombeza mimi. Lakini tulipoingia chini ya miti mikubwa, baridi ikatuvaa, na huko juu kitu kikaanza kulia kama mtoto mchanga anayefinywa. Nikasimama. Nikasoma Ayatul Kursi yote bila kukosea.

"Hondohondo," Dada akasema. "Ndege. Endelea kutembea."

Kwembago: napewa kabila

Tulifika tumelowa mpaka mifupani. Kwenye baraza la ofisi ya kijiji walikuwa wamekaa wanaume watano au sita, wakatuangalia tunavyokuja, na hasa wakaiangalia darubini. Tukasalimiana vizuri, shikamoo, marahaba, za huko, nzuri. Kisha wakauliza tunataka nini. Dada akawaambia ndege. Wakaangaliana.

Mmoja akasema kwa upole sana kwamba mwaka jana walikuja watu wengine na miwani kama ile, nao walisema wanaangalia miti. Baada yao wakaja wengine wakapigilia vigingi kwenye mashamba ya watu. Kwa hiyo wageni wangu, akasema, pumzikeni, kunyweni uji, kesho asubuhi mtashuka mlivyopanda.

Kushuka kesho maana yake ni kwamba ndege hatamwona, na siku yake ya kupasuliwa ilikuwa inakuja. Halafu akanishika bega.

"Mnatufukuza sisi sawa," akasema. "Hata huyu mtani wenu mnamfukuza? Huyu ni Mkwere wa Vigwaza. Ametumwa na ndugu yake Kibwana kwa Mzee Mhando. Anasema amechoka kumsubiri afe, sufuria ya ubwabwa inaota kutu."

Wale wanaume wakapasuka kwa kicheko. Mmoja akanipiga kofi la mgongo nikataka kuanguka. Mwingine akanyakua kofia yangu akaivaa, akasema ndiyo nauli ya kupitia kijijini kwao. Kumbe Mzee Mhando ni baba yake yule aliyetufukuza, Athumani, ambaye ndiye anayezijua njia za msituni. Tukapelekwa kwake kwa vifijo.

"Dada," nikamnong'oneza, "mimi Mkwere tangu lini?"

"Tangu saa hizi. Cheka."

Mzee Mhando alikuwa mzee mfupi, mkavu, si mwongeaji. Mkewe, Bi Mwanaidi, alikuwa mgonjwa ndani, hajainuka wiki nzima. Lakini aliposikia mtani kaja, akaamuru nipelekwe mbele yake. Nikaingia, nikapiga magoti, nikamwamkia kwa adabu zote za Bagamoyo: shikamoo mama yangu, pole sana, Mwenyezi Mungu akuondolee maradhi.

"Mkwere gani huyu mwenye adabu?" akasema yule bibi. "Na mwembamba hivi! Mwaka huu hamkupata kumbikumbi?"

Nikasema tulipata, ila wewe hukutuachia. Akacheka mpaka akakohoa, akanishika mkono kwa vidole vyake vilivyobaki mifupa.

"Nikifa unililie vizuri," akasema. "Na yule mume wangu atakataa kula, namjua. Umchekeshe ale."

Nikaitikia. Ungekuwa wewe ungesemaje? Nilidhani ni maneno ya utani tu. Alfajiri Bi Mwanaidi akafariki.

Msibani

Kwa wale msiojua, kule mambo ya msiba ni hivi: wafiwa wanalia, na watani wanafanya fujo. Mtani anamwigiza marehemu, anawatukana waombolezaji, anazuia mazishi mpaka apewe kitu. Ni kazi, na ina mwenyewe. Wakapigiwa simu Wakwere wote wanaohusika, lakini Wakwere wako Vigwaza na mvua imekata njia. Mtani aliyepo kijijini ni mmoja, naye anauza vipuri vya pikipiki Bagamoyo.

Athumani akanifuata uani, macho mekundu ya kulia. "Mtani," akasema, "msituni hakuna atakayeingia mpaka msiba uondoke. Na kwetu msiba hauondoki mfiwa hajala. Baba hajagusa hata maji. Kazi kwako."

Nikamtazama Dada, aliyekuwa amekaa na wanawake upande wa jikoni, kanga kichwani. Alinitazama na yeye. Hakuwa na masihara tena usoni. Nikaona anatia matone ya dawa yake ya presha kwenye jicho, kichwa amekielekeza juu. Nikasema haya, bismillahi.

Wakanifunga kanga ya marehemu, wakanipa fimbo yake. Nikatoka uani nikichechemea, nikiwafokea wageni kwa nini wamekuja bila kuni.

"Siyo mguu huo!" akapaza sauti shangazi mmoja katikati ya kilio. "Alikuwa anachechemea wa kushoto!"

Nikabadilisha mguu.

"Na hakuwa anafoka hivyo, alikuwa ananuna kwanza!"

Nikanuna kwanza. Wanawake wakawa wanalia na kunisahihisha, wanalia na kunisahihisha, mpaka nikaanza kumjua Bi Mwanaidi vizuri kuliko nilivyomjua alipokuwa hai. Kila mtu alicheka isipokuwa mmoja. Mzee Mhando alikaa kwenye kigoda ametazama chini. Sahani ya ubwabwa ilikuwa mbele yake na inzi juu yake.

Wakati wa kuzika ulipofika, wanaume tukapanda makaburini, ambayo yako ukingoni mwa msitu chini ya mkuyu mkubwa sana. Wanawake wakabaki nyumbani kama ilivyo desturi. Kaburi lilikuwa tayari, mwanandani, lile shimo dogo la ndani la kulaza maiti, umechongwa vizuri, udongo mwekundu umerundikwa pembeni. Jeneza likashushwa mabegani. Athumani akanisogelea sikioni.

"Sasa unaruka."

"Naruka wapi?"

"Kaburini, mtani. Unalala, unakataa kutoka."

Jamani. Nilivaa kanzu nyeupe aliyonishonea mke wangu sikukuu. Nikamwangalia shehe, anirehemu, aseme hili jambo si katika dini. Shehe alikuwa amegeuza uso anaangalia milima, akisubiri liishe. Watu wote wananitazama. Nikaruka.

Chini kulikuwa na baridi na maji yamejikusanya. Nikalala chali, kanzu ikanywa tope, nikakunja mikono kifuani nikapiga kelele: "Sitoki! Leteni jogoo! Bila jogoo mzikeni mwingine!" Huko juu wakaanza kujadiliana kuhusu jogoo. Mmoja akasema kuku jike atatosha. Nikasema jogoo. Nami nikabaki nimelala mle, natazama juu, maana hakuna kingine cha kutazama ukiwa kaburini.

Ndipo nikamwona. Juu kabisa kwenye mkuyu, mle ambamo majani yaliachia nafasi ya mbingu, alitua ndege. Kifua cha manjano, manjano ya kiini cha yai la kienyeji. Kichwa cha kijani. Si kijani cha picha ya Dada, kile kilichokwisha kufutika. Kijani kibichi. Akainama, akachuma tunda la mkuyu, akalitupa kooni.

"Yuko hapa!" nikapiga ukelele. "Wallahi yuko hapa! Yuko juu!"

Mjadala wa jogoo ukakatika. Waliokuwa wameshika jeneza wakarudi nyuma hatua moja. Shehe akasema astaghfirullah, kwa sauti ya mtu aliyeogopa kweli. Halafu nikaona uso wa Mzee Mhando umechungulia ukingoni mwa kaburi, ndevu zinatetemeka.

"Nani yuko juu?"

"Ndege!" nikasema. "Ndege wa Dada!"

Mzee akatazama juu. Akanitazama mimi chini, tope mpaka masikioni. Akaanza taratibu, mabega yakamtikisika, nikadhani analia, kumbe yule mzee anacheka. Akacheka mpaka akamshika Athumani asianguke, machozi yanamtoka, anasema "Mwanaidi, unamwona huyu? Mwanaidi, unamwona huyu mtu?" Na wengine wote wakacheka na kulia pamoja naye. Nikapewa jogoo, nikatoka, tukamzika Bi Mwanaidi. Mchana ule Mzee Mhando akaomba maji, kisha akala ubwabwa wake wote.

Habari nampelekea Dada

Hili ndilo lililonishinda. Nilimkuta Dada nyuma ya nyumba, anamenya mihogo na wenzake, ananisubiri anicheke kwa ile kanzu. Nikamwita pembeni.

"Nimemwona," nikasema.

"Nani?"

"Ndege wako. Mkuyuni, juu ya makaburi."

Akaacha kuumenya muhogo aliokuja nao.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimelala."

"Umelala wapi?"

"Kaburini, Dada."

Akanirushia ule muhogo, ukanipata begani. Wewe, akasema, wewe usiyejua kunguru na njiwa, wewe uliyelala njia nzima ya Turiani! Kisha akageuka akaangalia ukuta, na sauti ikamshuka.

"Kijani chake kikoje?"

Nikajaribu kumweleza. Nikasema ni kama jani la mgomba jipya, kabla halijafunguka. Nikaona mabega yake yanashuka. Katika maisha yangu sijawahi kujisikia vibaya kama vile, na kosa langu lilikuwa kulala chali tu. Makaburini mwanamke haendi, na siku zetu zilikuwa zimebaki chache kabisa.

Mwenye utani wake anafika

Siku ya kuondoa matanga, mvua ikiwa imekata, tukasikia matusi yanapanda mlima kabla ya mtu mwenyewe. Alikuwa Kibwana wa Vigwaza na fulana yake ya kijani, anauliza kwa sauti ni nani aliyethubutu kumzika Mwanaidi bila yeye. Wakamjibu kwa furaha kwamba ndugu yake Mkwere alikwishafanya kila kitu, tena vizuri sana. Wakaninyooshea kidole.

Kibwana akaniangalia. Akafumba jicho moja, akalifumbua.

"Huyu?" akasema. "Huyu Mkwere? Huyu si muuza pweza wa Bagamoyo!"

Nikaona dunia inaniondoka. Wale wazee wa baraza wakageuka wote kwa pamoja. Athumani akasimama. Nikafikiria vigingi vya mashambani, nikafikiria jinsi ya kushuka ule mlima mbio na Dada mgongoni. Dada ndiye aliyejitokeza, akasimama mbele yao.

"Nilisema uongo mimi," akasema. "Huyu nilimlazimisha. Jicho langu linazimika, nilitaka kumwona ndege mmoja. Nisameheni, au msinisamehe, lakini yeye muacheni."

Kibwana ndiye aliyekasirika kuliko wote, maana ndiye aliyeibiwa. "Ameiba utani wangu!" akasema. "Jogoo wangu amekula!"

Mzee Mhando, ambaye tangu tufike alikuwa hajasema maneno kumi, akatema mate pembeni.

"Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa Vigwaza unaziba pancha. Kaburini kaingia huyu. Aliyeingia kaburini kwa ajili yetu hawezi kutolewa tena. Sasa ni mtani, apende asipende." Akanitazama. "Faini yako utakuja kwenye arobaini. Na uje na pweza."

Watu wakaitikia. Kibwana akanung'unika kidogo, kisha akanyakua kilemba nilichojifunga badala ya ile kofia akakitia mfukoni, na hapo nikajua amenisamehe.

Mkuyuni

Bado kulikuwa na suala la mwanamke na makaburi. Wazee wakaanza kulijadili kwa hekima nyingi, lakini mashangazi wa Athumani wakalimaliza haraka. "Haendi kaburini," wakasema. "Anakwenda mkuyuni. Mkuyu si kaburi." Kesho yake asubuhi Dada akapelekwa njia ya nyuma, akakalishwa kwenye jiwe nje kidogo ya makaburi, Athumani upande huu, mimi upande wa pili. Kibwana akaja bila kualikwa, na muhogo wa kuchoma mkononi.

Tukakaa. Hondohondo wakaja, wakalia, wakala, wakatuangushia makapi kichwani. Wakaja wengine wadogo wadogo ambao Dada aliwataja kwa sauti tu bila kuwaona. Kibwana akauliza kama tutawala sasa. Tulikuwa tumepanga kushuka kabla jua halijawa kali, na Athumani alishaanza kutazama mabegi.

Halafu akaja. Nilimwona mimi kwanza, tawi lile lile.

"Dada. Kulia. Panda na tawi nene."

"Sioni."

"Acha tawi nene, shika la pili."

"Twaha, sioni, naona majani tu, niko wapi?"

Nikamshika kichwa kwa mikono miwili, nikaweka shavu langu kwenye shavu lake, nikamgeuza pole pole na darubini yake.

"Usinishike kichwa kama tikiti," akasema.

"Nyamaza. Hapo. Hapo hapo, tulia."

Akatulia. Ndege hakuruka. Hata Kibwana aliacha kutafuna.

"Njano," Dada akasema. Kwa sauti ndogo sana. "Naiona njano. Ya Rabi, ni njano hasa." Kisha baada ya muda: "Kichwa sikipati. Kijani kinapotea kwenye majani. Niambie wewe."

Nikamwambia. Nikamwambia kijani kinapoanzia shingoni, kinavyokoza pale kwenye utosi, kinavyobadilika akiinama. Nilisema nikarudia, mimi nisiyejua kunguru na njiwa, na chozi lake likawa linaingia katikati ya mashavu yetu. Ndege akala matunda yake akashiba, akaenda zake.

Nyumbani

Dada alipasuliwa. Jicho halikurudi, na hata ule mwanga wa kwenye bomba umekwisha. Ananiita kila jioni nimsomee magazeti, ananisahihisha matamshi, hajabadilika. Wanafunzi wake wa zamani wakija kumpa pole, anawaambia amemwona yule ndege, na wakiuliza rangi ya kichwa ananigeukia mimi.

Leo Athumani amepiga simu. Arobaini ni Ijumaa. Anasema baba yake anakula vizuri, na kwamba Kibwana ameapa safari hii kaburi lolote likichimbwa ataruka yeye. Nikamjibu nitaona, duka lina kazi, njia mbaya. Nilipokata simu nikamkuta Dada amesimama mlangoni kwangu, buibui limevaliwa, raba zimefungwa, kifurushi cha pweza kwapani. Akapapasa mpaka akaifikia shingo yangu, akanivika darubini yake.

"Twende, Mkwere," akasema. "Utakuwa unaniambia."

Kwa hiyo kuanzia kesho duka limefungwa. Anayetaka mnyororo wa pikipiki asubiri.